Kuweka stata ya gia kwenye Datsun 240Z na ndugu zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nakaa Mombasa na nina 240Z ya 1972. Tangu nibadilishe stata watu wananiuliza yaleyale, kwa simu, gereji, mpaka harusini, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mengi yanahusu injini za L za Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun (L24, L26, L28) manake ndo nimezishika kwa mikono yangu, ila sehemu kubwa inafaa gari yoyote ya michezo ya zamani. Ombi langu ni moja: kabla hujatoa pesa soma swali la pili na la tatu. Stata nyingi zinatolewa bure tu wakati ugonjwa uko kwenye waya.

Stata ya gia ndo nini, na hii niliyonayo ni ipi?

Stata iliyotoka kiwandani na 240Z ni mota iliyoungana moja kwa moja na kile kigia cha mbele, mota ikizunguka mara moja na kigia mara moja. Ili iweze kuzungusha silinda sita lazima mota yenyewe iwe kubwa na nzito, na nguvu yake inaipata kwa kula moto mwingi wa betri. Stata ya gia ina mota ndogo inayokimbia kasi sana, alafu ndani kuna gia zinazopunguza ile kasi kama mara tatu au nne kabla haijafika mbele, na kasi ikishuka nguvu ya kuzungusha inapanda. Ni sawa na kupanda mlima wa Mazeras na baiskeli ya gia, miguu inaenda haraka lakini hauchoki.

Kwa macho utaitambua. Ile ya zamani ni mtungi mrefu ulionyooka na solenoidi (kimtungi kidogo cha sumaku ya umeme kinachosukuma kigia mbele na kuunganisha moto) imebebwa mgongoni. Ya gia mara nyingi ni fupi na mota yake imekaa pembeni kidogo ya mstari wa kigia, japo kuna zile ambazo gia zake zimepangwa kwa duara na mota inabaki katikati, hizo utazijua kwa ufupi na wepesi wake.

Gari inasema "tak" tu haiwaki. Si ndo stata imekufa?

Si lazima, na hapa ndo watu wengi wanapoteza hela. Sikiliza kwanza. Ikisema tak-tak-tak-tak haraka haraka, solenoidi inavuta alafu moto unaisha inaachia, hio mara nyingi ni betri imechoka ama waya mbovu. Ikisema tak moja kubwa alafu kimya, solenoidi imevuta lakini moto haufiki kwenye mota, inaweza kuwa zile kopa za ndani ya solenoidi zimeungua, au brashi za kaboni zimeisha, au tena ni waya. Ikizunguka yenyewe wiiii na injini haigeuki, bendiksi (kile kinachobeba kigia na kukishika upande mmoja tu) imekwisha, inateleza. Na ikikwaruza kama chuma kwa chuma hio ni meno, nimelielezea huko chini.

Baada ya kusikiliza chukua testa, hata ile ya bei ya chini inatosha. Betri iliyojaa na kulala usiku mzima inasoma kama volti 12.6, ukiona 12.2 ujue iko nusu, ichaji kwanza ndo uendelee, usipime kitu chochote kwa betri nusu. Chomoa ule waya mwembamba wa koili ya cheche za plagi ili injini isiwake, mtu akupigie stata huku wewe unasoma kwenye betri. Ikibaki juu ya 9.6 huku injini inazunguka vizuri, uko salama. Ikianguka mpaka 8 hivi, ama betri ni mbovu ama stata inakula moto kupita kiasi, na stata za zamani zinafanya hivyo bushi (vile vijiringi vinavyoshika shafti) zikiisha, amacha (ile sehemu ya mota inayozunguka) inalegea inaanza kukwaruza ukuta wa ndani. Lakini ikiwa injini haizunguki na betri bado inasoma 11.5 au zaidi, jamani, hapo moto hautembei kabisa, kuna mahali pamekatika, na betri mpya haitakusaidia hata kidogo.

Sasa nitajuaje kama ni waya?

Kwa kupima volti zinazopotea njiani, na hiki kipimo nakipenda kuliko vyote manake hakidanganyi. Weka ncha moja ya testa juu ya kile kichwa cha betri chenyewe upande wa chanya (sio kwenye klempu, kwenye risasi yenyewe) na ncha nyingine kwenye bolti kubwa ya stata inakoingia waya mnene. Piga stata. Unachosoma ndo kinacholiwa na waya na viungo vyake. Mpaka 0.5 sawa, ikizidi hapo safisha ama badilisha. Alafu fanya hivyohivyo upande wa ethi (njia ya moto kurudi kwenye betri), kichwa cha hasi cha betri mpaka kwenye bodi ya stata, hapo isizidi 0.2 au 0.3.

Yangu upande wa ethi ilisoma 1.9! Karibu volti mbili zinapotea kabla hazijafanya kazi yoyote. Huku pwani chumvi inakula kila kitu, waya kwa nje ulikuwa mzuri mweusi unang'aa, nikachana ile plastiki nikakuta kopa imekuwa ya kijani mpaka ndani karibu shibiri nzima. Nilikuwa nimeshaambiwa na fundi mmoja ninunue stata, nikabadilisha waya wa ethi peke yake na gari ikawaka kama mpya kwa karibu mwaka mzima.

Ukitaka kuelewa kwanini waya una uzito hivyo piga hesabu ndogo. Stata inaweza kula ampia 200 wakati wa kuzungusha injini. Kiungo kichafu chenye upinzani wa 0.005 ohm tu, ambacho testa ya kawaida haiwezi hata kukuonyesha ukipima ohm, kinakula 200 × 0.005, yaani volti 1 nzima. Ndo maana nasema pima volti huku stata inafanya kazi.

Alafu kuna ule mkanda wa kuunganisha injini na bodi, watu wakitoa injini wanausahau. Ukikosekana, moto unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapita kwenye kebo ya choki ama ya aksileta. Ukipiga stata ukasikia kebo ya choki imekuwa ya moto, ama unaona moshi mdogo pale dashibodi, acha hapo hapo usijaribu tena, tafuta huo mkanda.

Basi kama waya ulitatua, wewe mwenyewe ulibadilisha stata ya nini?

Nilitoa L24 nikaweka L28 yenye kompresheni ya juu zaidi. Stata ya zamani ilikuwa na bushi zimechoka, asubuhi inazunguka vizuri lakini ukisimama petroli kidogo ukarudi inavuta kama mzee anayepanda ngazi. Hapo nilikuwa nimeshapima waya zote na ziko safi, kwa hiyo niliyajua makosa yalipo. Ukifika hapo ndo wakati wa stata ya gia, na hautojuta.

Stata gani inaingia kwenye 240Z bila kukata kitu?

Ile ya gia iliyotumika kwenye 280ZX, gari zilizouzwa Marekani 1979 mpaka 1983. Injini ni familia moja ya L, mashimo ya bolti ni yaleyale mawili, inakaa palepale. Kwa hiyo 240Z, 260Z, 280Z, zote zinakubali. Wengine wananunua mpya zilizotengenezwa kwa mfano huohuo, nazo sawa ukipata ya mtengenezaji wa kueleweka. Ukiona kibandiko kimeandikwa kW, hio ni nguvu yake, 1.4 ina nguvu kuliko 1.0, rahisi tu.

Lakini hapa watu wanakosea: ya giaboksi ya mkono na ya automatiki sio moja. Kigia hakikai umbali sawa. Unapoagiza usiseme mwaka wa gari peke yake, sema giaboksi iliyopo SASA chini ya gari. Z nyingi zilitoka kiwandani automatiki alafu mtu huko nyuma akabadilisha akaweka gia tano za mkono, karatasi za gari zinasema hivi na chini kuna kile. Lala chini uangalie mwenyewe.

Nikipata ya mtumba niikague vipi?

Nenda na ile yako ya zamani mkononi. Hata kama ni Kirinyaga Road Nairobi ambako spea zimejaa kila duka, usiende na picha ya simu, nenda na chuma. Ziweke pamoja kaunta, linganisha mashimo ya bolti, hesabu meno ya kigia, pima kigia kimekaa umbali gani kutoka kwenye uso unaogusa injini.

Alafu mwambie muuzaji aibane kwenye vaisi na kuijaribu na betri. Aibane kweli, isishikwe kwa mguu, manake ikianza kuzunguka inaruka. Kigia kinatakiwa kirushwe mbele kwa nguvu na kuanza kuzunguka, ukiachia kirudi mara moja. Jaribu mara tano sita, sio mara moja. Zungusha kigia kwa kidole, kinatakiwa kizunguke upande mmoja tu, kikizunguka pande zote mbili kirahisi bendiksi imekufa. Na ukijaribu kukitikisa juu chini kikacheza sana, bushi zimeisha. Hata hivyo kujaribu mezani hakukuambii kila kitu, stata bila mzigo yoyote inazunguka vizuri, kwa hiyo kubaliana na muuzaji kabisa kuhusu kurudisha.

Naweza kufunga mwenyewe nyumbani?

Ndio, ni kazi ya masaa mawili kwa mtu asiye na haraka. Toa klempu ya hasi ya betri KWANZA, hii usiruke, waya mnene wa stata unaendelea kuwa na moto hata swichi ikiwa imezimwa, spana ikigusa bodi utaona cheche mbaya sana na unaweza ukapoteza ngozi ya mkono. Inua gari uiweke juu ya stendi, sio jeki peke yake na sio mawe.

Kwenye injini za L kabureta na ekzosi ziko upande mmoja na stata iko upande wa pili, huku kwenye plagi, kwa hiyo nafasi ipo. Bolti ni mbili, ya juu unaifikia kwa juu na ya chini unalala. Kabla ya kutoa waya piga picha, manake kwenye ile bolti kubwa unaweza kukuta nyaya zaidi ya moja na zote lazima zirudi. Stata ya zamani ni nzito, ikiwa bolti ya mwisho inatoka iwe umeishika, isikudondokee usoni.

Kabla ya kuweka mpya piga msasa ule uso wa chuma inakokaa. Stata haina waya wake wa ethi, inarudisha moto wote kupitia pale inapogusa injini, sasa kama umeweka juu ya rangi na mafuta ya miaka hamsini unajitafutia matatizo mapya na stata mpya. Nyaya zinaweza kuwa fupi kidogo manake solenoidi imekaa tofauti, zirefushe vizuri na usikubali waya mnene uguse kitu chochote chenye ncha ama chenye joto.

Nibadilishe na waya za betri?

Kama ni za zamani, ndio, tena nasema anza nazo. Kopa safi ya milimita mraba 25 inatosha betri ikiwa palepale kwenye boneti, mimi niliweka 35 kwa roho kutulia. Ukihamisha betri nyuma kama gari za rali hesabu inabadilika: waya wa 25 una upinzani wa karibu miliohm 0.7 kwa kila mita, mita tano kwa ampia 200 umepoteza volti 0.7 kwa waya peke yake, na wa 50 unapoteza nusu ya hapo. Angalia pia usiuziwe aluminiamu iliyopakwa kopa juu, zimejaa sokoni, kwangua ncha moja na kisu, ndani ikiwa nyeupe iache.

Relei ina haja gani?

Ina haja kubwa. Relei ni swichi inayowashwa na moto mdogo ili ipitishe moto mkubwa. Kwenye gari hizi moto wa kuvuta solenoidi unapita kwenye swichi ya ufunguo, na swichi ya miaka hamsini kopa zake zimeshaungua. Solenoidi kwa ile sekunde ya kwanza inavuta moto mwingi, ndo maana wakati mwingine unageuza ufunguo mara nne mara ya tano inakubali. Chukua relei ya ampia 40: mguu wake wenye namba 30 unatoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye ule waya mdogo wa solenoidi, 86 inapokea ule waya uliokuwa unaenda kwenye stata kutoka kwa ufunguo, 85 ethi. Nusu saa umemaliza na swichi yako ya asili itaishi.

Injini ikiwa baridi inawaka, ikiwa ya moto inagoma. Joto?

Inaweza kuwa joto, kopa ikipata moto upinzani wake unapanda na bushi zinabana. Kwenye zile gari ambazo ekzosi inapita karibu na stata, V8 za Marekani hasa, hio ndo shida namba moja na wanaweka ngao ya kuzuia joto. Kwenye Z ekzosi iko mbali, kwa hiyo mimi ningeangalia taimingi (wakati cheche ya plagi inapopiga) kwanza. Ikiwa imewekwa mbele sana, cheche inapiga mapema mno kabla pistoni haijafika juu na injini inaipiga stata kurudi nyuma, utasikia inazunguka, inakwama, inazunguka. Usiiache hivyo, mateke yale yanavunja pua ya stata, hata hii ya gia, na hapo utakuwa umeua mpya.

Inakwaruza mara mojamoja, sio kila siku. Kwanini?

Meno ya ringi ya fulaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini ambalo kigia cha stata kinaling'ata. Injini ya silinda sita ikizimwa haisimami popote tu, kompresheni inaisimamisha kwenye sehemu moja kati ya tatu, kwa hiyo kigia cha stata kinagonga maeneo yaleyale matatu miaka yote na meno ya hapo yanaisha wakati mengine ni mazima. Ukiweka gia ya nne ukasukuma gari kidogo alafu ikawaka bila kelele, umepata jibu. Stata mpya haitibu hilo, na ringi mbovu inakula kigia kipya. Ringi inatolewa na nyingine inapashwa joto na kuvishwa, ila giaboksi lazima ishuke, kwa hiyo unganisha na kubadilisha klachi.

Mimi nina MGB (ya Kiingereza), hii inanihusu?

Inakuhusu lakini uwe makini na mambo mawili. MGB za mwanzo mpaka 1967 zina stata ya aina nyingine ambayo kigia kinarushwa na mzunguko wake chenyewe, na fulaiwili yake ni tofauti na za baadaye, kwa hiyo taja mwaka na injini iliyopo.

La pili ndo wengi hawalijui. Hizo za mwanzo zilikuja na ethi chanya, betri imegeuzwa. Stata za zamani zenye koili za waya ndani hazijali, geuza betri utakavyo inazunguka upande uleule. Lakini stata nyingi mpya za gia ndani zina sumaku za kudumu badala ya koili, na hizo ukigeuza betri zinazunguka KINYUME. Muulize muuzaji kabla, ama ubadilishe gari kwanza iwe ethi hasi.

Fundi wangu ikigoma huigonga na spana, bado inafaa?

Kwenye ya koili inasaidia brashi zilizokwama, ukafika nyumbani. Kwenye yenye sumaku usithubutu. Zile sumaku ni kama vigae, zinapasuka, na kipande kikiingia kwenye amacha stata yote imekwenda.

Sitaharibu uasili wa gari?

Hili swali linanigusa manake na mimi nilisita. Hii gari kwetu ina historia, 240Z ilishinda rali ya Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, alafu 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, ushindi ule wa 1973 Mehta alikuwa amelingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Mzee wangu alikuwa akitusimulia walivyosimama barabarani na vumbi lote lile kusubiri zipite. Kwa hiyo naelewa mtu anayetaka kila nati ibaki ya kiwandani.

Lakini stata inaingia kwa bolti mbili na inatoka kwa bolti mbili, hukukata wala kuchomelea kitu. Ile ya zamani ifute, ipake grisi kidogo kwenye kigia, ifunge kwenye kitambaa kikavu na uiandike jina la gari. Siku ya maonyesho ukitaka irudi, irudishe. Mlio tu ndo unabadilika, hii mpya inalia sauti nyembamba na ya haraka, siku mbili za kwanza utadhani ni gari ya mtu mwingine.

Nimeshaweka, inazunguka haraka sana ila bado inachukua muda kuwaka. Nimekosea wapi?

Hujakosea, hio ni petroli. Pampu ya 240Z inasukumwa na injini yenyewe, gari ikikaa wiki mbili tatu petroli iliyo kwenye kabureta inakauka na lazima injini izungushwe mpaka zijae tena. Usishikilie ufunguo. Sekunde kumi, achia, subiri dakika nzima stata ipoe, rudia. Stata ya gia ni ndogo na inapata joto haraka ukiibembeleza muda mrefu. Mimi gari ikikaa sana natia petroli kidogo kwa mkono kwenye kabureta kabla sijagusa ufunguo, na inawaka mara ya kwanza.